Wachawi wa Macbeth Hawakuagiza Mauaji

Ndugu zangu, katika tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, jemadari Macbeth anamuua mfalme wake Duncan baada ya kutabiriwa ufalme na wachawi watatu. Mpaka leo nasikia ikisemwa kwamba wachawi hao ndio waliomuua Duncan. Haya, fungueni tendo la kwanza, onyesho la tatu, mnitafutie wachawi wakimwambia Macbeth "ua". Hawamwambii. Yapo maamkizi tu: salamu, bwana wa Glamis, salamu, bwana wa Cawdor, salamu, wewe utakayekuwa mfalme.

Tuyapime moja moja. Cheo cha Glamis ni chake tayari. Cawdor je? Rudini nyuma onyesho moja: Duncan ameshaamuru mwenye cheo hicho auawe kwa uhaini, na cheo apewe Macbeth. Sisi watazamaji tunajua, yeye hajui. Kwa hiyo ile si ramli hata kidogo, ni habari iliyomtangulia mjumbe! Ross, mjumbe wa mfalme, anapofika nayo, Macbeth anaona la pili limetimia, basi la tatu haliwezi kuwa uongo. Huo ndio mtego, na Banquo, jemadari mwenzake, anamwonya palepale kwamba nguvu za giza hutupa kweli ndogondogo ili zitusaliti kwenye makubwa. Banquo naye ametabiriwa: hatatawala, ila atazaa wafalme. Mmemwona akichomoa kisu?

Utabiri umetaja kiti, haukutaja njia. Macbeth mwenyewe anasema bahati ikitaka awe mfalme, na imvike taji bila yeye kujishughulisha. Angekomea hapo tusingekuwa na tamthilia. Lakini onyesho linalofuata Duncan anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, na Macbeth anaona hicho ni kizingiti: akiruke au aanguke.

Mtasema, na mkewe je? Alimsukuma, sikatai. Ila onyesho la saba anamkumbusha mumewe kwamba ndiye aliyemletea wazo hilo, wakati ambapo hapakuwa na nafasi wala mahali. Na ile barua ya Macbeth kwa mkewe haina neno la kuua, lakini mama yule anaisoma na kuielewa papo hapo. Watu hawaelewani upesi hivyo juu ya jambo geni.

Tena hesabu zake ni mbovu. Kwa Duncan anauamini utabiri, anausaidia kwa kisu. Kwa Banquo anauamini vilevile, anatuma wauaji kuutangua. Wauaji wanakuwa watatu, na bado mtoto wa Banquo, Fleance, anawaponyoka.

Muda unaniishia. Vizuka ambavyo wachawi wanamwonyesha Macbeth katika tendo la nne tuvipite. Pale, nakiri, anaambiwa waziwazi awe katili na jasiri. Utabiri kwamba hatashindwa mpaka msitu wa Birnam umjie mnaujua, na ule kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru mnaujua. Mimi nawataka mke na watoto wa Macduff, yule mkuu anayempinga Macbeth. Onyo la kizuka lilimtaja Macduff peke yake, naye ameshakimbilia Uingereza. Panga zinaishukia nyumba yake. Kizuka gani kilisema neno juu ya wale watoto? Someni onyesho la pili la tendo hilo la nne, kisha mniulize maswali.