Furu, Sato na Ngege: Mwili Unasema Hivi, Vinasaba Vinasema Vile

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tupo na furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Wanakadiriwa kufika spishi 500, na wengi ukiwaweka pamoja utaapa wametoka tumbo moja. Kaka Baraka, mtaalamu anaanzia wapi kuwatofautisha?

BARAKA: Anahesabu, dada. Miba ya pezi la mgongoni, magamba ya mstari wa ubavuni, vijino vya kwenye matamvua. Kisha anapima kichwa, jicho, kimo cha mwili. Kwa furu anafika hadi kooni, kwa sababu huko wana taya la pili, na meno yake yanaeleza samaki anakula nini.

REHEMA: Na rangi?

BARAKA: Rangi ya dume aliye hai inasaidia mno, ila kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia mwili, inafifia. Ndiyo maana anapigwa picha mara tu anapotoka majini.

REHEMA: Mimi hilo taya ndilo linalonipa shida. Yupo furu mla konokono, Astatoreochromis alluaudi. Akila konokono, taya la kooni linakuwa nene, meno bapa. Akilelewa bila konokono, linakuwa jembamba. Spishi ileile!

BARAKA: Na asiyejua atawapa majina mawili. Kinyume chake pia kipo: Ziwa Tanganyika lina samaki wa midomo minene, Lobochilotes labiatus, na Ziwa Malawi lina wake, Placidochromis milomo. Kwa sura utasema ni ndugu. Vinasaba vinaonyesha kila mmoja ana ukoo wake. Midomo ile ilijitokeza mara mbili, kila ziwa kivyake.

REHEMA: Basi tuachane na magamba, tusome jeni tu?

BARAKA: Hapana, hapana! Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake walipendekeza kipande cha jeni ya COI, herufi za vinasaba kama 650, kiwe kitambulisho cha wanyama. Kwa samaki wengi kinafaa sana, hata ukiwa na mnofu usio na kichwa wala ngozi. Lakini furu wa Victoria walitengana juzi tu, ndani ya miaka 15,000 hivi. Kipande hicho hakijapata muda wa kutofautiana. Kwao inabidi usome sehemu kubwa ya jenomu, yaani vinasaba vyake vyote.

REHEMA: Na COI imo kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake, vinavyorithiwa kwa mama. Hapo ndipo ninapomhofia ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo. Sato, samaki wa jamii yake, aliingizwa Victoria miaka ya 1950, na wanazaana. Chotara ambaye mama yake ni ngege, COI itamsoma ngege safi! Anawekwa bwawani awe mzazi wa vifaranga, kumbe ana damu ya sato.

BARAKA: Kwa hiyo unasoma jeni za kiini cha seli pia, zinazotoka kwa baba na mama, na unamtazama mkiani: sato ana mistari ya wima iliyopangika.

REHEMA: Sampuli inachukuliwaje?

BARAKA: Kata kipande kidogo cha pezi, kitie kwenye ethanoli *kabla* mwili haujaingia fomalini, maana fomalini inaharibu vinasaba. Pezi, picha na mwili vipewe namba moja. Tafadhali, mwili usitupwe! Jina lililokosewa likiingia kwenye hifadhidata ya vinasaba, kila anayelinganisha samaki wake nalo anachukua kosa lilelile, na bila mwili hakuna wa kurudi kuhesabu magamba.