Kwa Nini Nauza Vyombo Badala ya Kuvituma Nyumbani

Ndugu zangu, habari za huko. Leo ni vyombo vya muziki, kwa sababu swali ni lile lile chini ya kila video: "Mbona unauza magitaa na vinanda huko Uingereza, si ututumie sisi?" Mwingine anaongeza kwamba nimesahau kwetu. Mwingine anasema nikitaja gitaa najionyesha, nikitaja bei nalalamika. Sasa naomba mnisikilize hadi mwisho, maana jibu langu ni hesabu tupu. Na ni hesabu ya hali yangu. Aliye Ujerumani, Oman au Canada ana yake.

Tuanze na kutuma, ndipo penye ugomvi. Gitaa la akustika ndani ya kesi na boksi lina kilo 6 au 7. Kampuni ya usafirishaji kwa ndege haikutozi kwa kilo hizo. Inapima boksi kwa sentimita: urefu mara upana mara kimo, kisha inagawa kwa 5,000. Boksi la 120 kwa 45 kwa 20 linatoa kilo 21.6, na hizo ndizo unazolipia. Likienda kwa meli, forodha inakokotoa ushuru juu ya thamani ya chombo pamoja na nauli na bima, halafu inakuja VAT, asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, halafu wakala wa kugomboa mzigo naye anataka chake. Watu wananishauri eti andika "zawadi", andika pauni 10. Forodha wakiikataa thamani hiyo wanaweka yao, na mzigo ukipotea unalipwa fidia ya zile pauni 10 ulizoandika mwenyewe. Kwa gitaa la kawaida, mwisho wa yote umetumia fedha ambazo zingelinunua jipya Kariakoo au Luthuli Avenue, na mpigaji akalijaribu dukani kabla ya kutoa hela.

"Basi njoo nalo likizo." Kesi ngumu ya gitaa la akustika, ukijumlisha urefu, upana na kimo, inazidi sentimita 158, kipimo ambacho mashirika mengi ya ndege hutumia kwa mzigo wa kawaida. Ukizidisha unalipia mzigo mkubwa, kwenda tu.

Kinachofaa kutumwa ni kile kinachoingia kwenye bahasha: nyuzi. Hapa nasema kwa uchungu. Watu wanachangishana kutuma udi wa pili, ile ala ya nyuzi ya taarab, wakati udi wa kwanza umelala kabatini kwa kukosa nyuzi. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi peke yake, na seti nzima haina uzito wa kukutia hofu. Matete ya klaineti na saksafoni, vile vipande vyembamba vya mdomoni vinavyotoa sauti, ni hivyo hivyo. Mjomba anayepiga udi Unguja atafaidika na seti tano za nyuzi kuliko na chombo kingine cha kumtafutia nafasi.

Kuna na vibali vya mbao. Mwaka 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia iliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mpingo wetu ni Dalbergia, na klaineti na oboe nyingi za Ulaya zimechongwa kwa mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti hilo, kwa hiyo gitaa lenye ubao wa vidole (ule wa shingoni unapobonyezea nyuzi) wa rosewood, mbao ya Dalbergia, halihitaji kibali cha CITES. Rosewood ya Brazil, Dalbergia nigra, haimo kwenye msamaha huo: imo orodha ya kwanza tangu 1992 na kibali ni lazima. Msiyachanganye haya mawili, maana wauzaji wengi huandika "rosewood" peke yake na unabaki unakisia.

Pembe za ndovu ni balaa zaidi. Piano za zamani zenye vitufe vya pembe haziuzwi hapa kiholela. Sheria iliyoanza kufanya kazi Juni 2022 inaruhusu ala ya kabla ya 1975 yenye pembe chini ya asilimia 20 ya ujazo wake, lakini lazima uisajili kwanza, pauni 20. Na hiyo ni kuuza ndani ya nchi tu. Ukipewa piano ya namna hiyo bure, kumbuka pia kwamba ina zaidi ya kilo 200, na siku ya kuiondoa ni wewe utakayelipa wabebaji.

Sasa, kipi kiondoke? Mimi siangalii kipi kizuri, maana vyote ni vizuri. Naangalia kazi. Kila chombo kitajwe kazi yake moja ambayo hakuna kingine ndani ya nyumba kinachoweza kuifanya. Magitaa matatu ya nyuzi za chuma, yote yamepangwa sauti ile ile, yana kazi moja. Mawili yanakula nafasi. Gitaa la nyuzi za nailoni lina kazi nyingine, libaki. Kinanda chenye robo toni, yaani sauti za katikati ya vitufe viwili vinavyofuatana, kwa taarab, kama ule mfululizo wa Yamaha PSR-A uliotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, kina kazi ambayo kinanda cha kawaida hakifanyi. Kwa kile unachokionea shaka, kiweke ndani ya kesi, bandika karatasi yenye tarehe ya miezi sita mbele. Tarehe ikifika hujaifungua kesi, piga picha uuze.

Na kuweka si bure. Majira ya baridi mtambo wa kupasha joto unakausha hewa ya chumba hadi unyevu unaweza kushuka chini ya asilimia 30, wakati gitaa la mbao nzima linataka 45 hadi 55. Likikauka, ncha za vyuma vya ubao wa vidole zinachomoza na kukwaruza mkono, uso unazama, mwishowe unapasuka kufuata nyuzinyuzi za mbao. Vigingi vya udi navyo vinalegea na kuteleza. Kigingi kinachoteleza kinapakwa chaki kidogo, kinachokwama kinapakwa sabuni kavu. Fundi wa kuliweka gitaa sawa hapa ni pauni 50 hadi 70 kila mara. Zidisha kwa idadi ya vyombo vyako uone.

Kuuza nako kuna vurugu zake. Tangu 2024 tovuti za kuuzia zinapeleka taarifa zako kwa mamlaka ya kodi ukifikisha mauzo 30 kwa mwaka au ukipita takriban pauni 1,700. Watu wakahamaki kwamba ni kodi mpya. Si kodi mpya. Kuuza vitu vyako mwenyewe ulivyovitumia kwa kawaida hakutozwi, isipokuwa kitu kimoja kikiuzwa zaidi ya pauni 6,000 na umepata faida. Ukinunua ili uuze, hapo ni biashara, na msamaha unaishia pauni 1,000 za mapato kwa mwaka. Tunza risiti za ulivyonunua. Barua ya kuulizwa ikija, risiti ndiyo itakayokujibia.

Bei itafute kwenye vilivyokwisha kuuzwa, usifuate bei wanazoomba watu. Badilisha nyuzi, safisha, basi. Ukibadilisha vyuma vyote vya ubao wa vidole gharama hiyo hairudi. Piga picha ya nyuma ya kichwa cha gitaa pale kinapoungana na shingo, maana mnunuzi anayejua anatafuta ufa hapo kwanza. Mtu akikwambia atamtuma dereva na bahasha ya hela, au amekutumia barua pepe ya malipo, usitoe chombo mpaka fedha zionekane ndani ya akaunti yako ya benki.

Ukilazimika kukisafirisha, soma orodha ya visivyolipwa fidia. Kampuni nyingi za vifurushi zimeandika ala za muziki humo. Unalipa bima, gitaa linavunjika, unasomewa kifungu. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu bima wanakuuzia hata hivyo. Legeza nyuzi hatua moja au mbili ya sauti, usizitoe zote. Jaza karatasi laini chini ya kichwa na pande zake, shingo iegemee kitu, kisha tikisa kesi: ukisikia chochote kinacheza, hujamaliza. Gitaa halivunjwi sana na kugongwa mwilini. Boksi likianguka, kichwa kinajirusha na shingo inakatika karibu na nati, kile kijipande ambapo nyuzi zinavuka kuingia kichwani.

Kwa wanaonunua mtumba huko kutoka Marekani: soma kibandiko cha umeme. Amplifaya iliyoandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye 230 ya nyumbani, fyuzi inakatika, na ukiwa na bahati mbaya transfoma inaungua. Adapta iliyoandikwa 100–240V haina shida. Tazama na mchoro wa ncha ya adapta: vinanda vya Yamaha chanya iko katikati, pedali za gitaa za Boss hasi ndiyo iko katikati. Volti sawa, ncha kinyume, chombo hakifanyi kazi au kinaharibika.

Kuhusu kutonunua tena, naweza kusema tu ninavyofanya. Nimefuta taarifa zote za "kimeshuka bei" na nimeiondoa kadi ya benki kwenye tovuti, ili kila ununuzi unilazimu kuandika tarakimu zote. Cha zamani kinatoka kwanza, na kipya kinanunuliwa kwa fedha hizo hizo, si kwa mkopo wa miezi 12 usio na riba. Na bei siisomi peke yake. Gitaa la pauni 300 ni 300, na kesi 80, na fundi 60, na nyuzi 10: pauni 450. Kwa 450 unapata saa nyingi za mwalimu juu ya gitaa ulilonalo.

Najua mtaniandikia, "wewe una uwezo wa kuchagua." Ni kweli. Aliye na gitaa moja haya ya kupunguza hayamhusu. Yeye aniandikie chini: chombo gani, nyuzi au matete ya namba ngapi, yuko mji gani. Asiandike namba ya simu hadharani.