Mtoto Akisema Anaboreka, Acha Rimoti Ilipo

MAMA NURU: Karibuni tena, wasikilizaji. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa nzima, luninga haipumziki. Baba Ima, huko kwako Tabata hali ikoje?

BABA IMA: Katuni kuanzia asubuhi, Mama Nuru. Ukizima, kilio. Jirani anaweza kudhani mtoto anachapwa.

MAMA NURU: Hicho kilio kina mwisho wake, ila wazazi wengi hatuufikii. Ukizima luninga mtoto hachezi palepale. Atalalamika, atajigaragaza kwenye kochi, atakufuata jikoni kuomba simu. Usimpe, na wala usimtafutie shughuli. Baadaye kidogo unasikia kimya. Ukichungulia, stuli imeshakuwa daladala na yeye ndiye konda.

BABA IMA: Abiria ni mito ya kochi! "Mbagala, Mbagala, wawili tu!"

MAMA NURU: Enhe. Halafu mzazi anaingia na simu yake: "Hebu rudia nikurekodi." Mchezo umekufa. Konda ameondoka, amebaki mwigizaji.

BABA IMA: Lakini dada yangu, sisi tulikuwa na uwanja. Kwenye rede unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa mpira wa soksi. Jioni kombolela mpaka uitwe kuoga. Leo mtu amepanga chumba na sebule, mlangoni zinapita bodaboda. Mtoto achezee wapi?

MAMA NURU: Mdako unataka nini zaidi ya kokoto na duara la chaki sakafuni? Mpe beseni la maji na vikombe viwili vya plastiki, wewe ukiwa karibu, uone kama atakukumbuka. Maboksi, vizibo vya soda, kanga kuukuu ya kujengea nyumba chini ya meza. Midoli ya betri mimi sinunui. Inaimba yenyewe, inacheza yenyewe, mtoto anabaki mtazamaji vilevile.

BABA IMA: Sawa, lakini anayeshinda nao ni dada wa kazi, na hili watu hawalisemi. Sisi tunatoka alfajiri, tunarudi usiku, tunamwachia agizo: "Wasiangalie sana." Ana nguo za kufua, ana maharage jikoni, ana mtoto wa miaka miwili anayepanda dirishani. Katuni ndiyo msaidizi wake pekee.

MAMA NURU: Kabisa. Kwa hiyo ukipunguza katuni, mpunguzie na yeye kazi. Nguo zisubiri kesho. Na ukubali kukuta nyumba imechafuka. Huwezi kutaka watoto wachezee maji na unga, halafu ukifika unamgombeza dada kwa sababu ya vigae.

BABA IMA: Na kiasi cha kuangalia luninga na simu je? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019.

MAMA NURU: Kabla mtoto hajatimiza mwaka 1, hapana kabisa, na hata akiwa na mwaka mmoja hawashauri. Miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora zaidi. Ila mwongozo huohuo unasema watoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 wachangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Watu wanabishania ile saa 1, hizi 3 hakuna anayeziulizia.

BABA IMA: Mimi sipingi kila kipindi. Ubongo Kids inatengenezwa hapahapa Dar es Salaam tangu 2014, mtoto anapata hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Shida yangu ni YouTube. Kimoja kikiisha kingine kinaanza chenyewe, mtoto hana pa kusimamia.

MAMA NURU: Ingia kwenye mipangilio, uzime hiyo ya kujiendeleza yenyewe. Kipindi kikiisha, kioo kinatulia. Kimeisha chenyewe, hakuna mama mkorofi wa kununiwa. Na uwe na saa zinazojulikana. Kwangu, saa 10 hadi saa 12 jioni luninga inazimwa kwa kila mtu.

BABA IMA: Kila mtu?

MAMA NURU: Na baba mwenye nyumba.

BABA IMA: Simba na Yanga ikiangukia saa 11 je?

MAMA NURU: Si kuna kibanda umiza hapo mtaani kwenu? Nenda ukalipe kiingilio.