Kisogo cha rubani

Walimu wangu, shikamooni. Nanyi mabinti mliokaa mkekani hapa mbele, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie urafiki wa wasichana katika riwaya za vita za vijana. Nina moja tu la kusema: urafiki huo uonekane kwenye kazi kabla ya kuonekana kwenye machozi.

Oktoba 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Umoja wa Kisovieti, rubani Marina Raskova alianza kuunda vikosi vya ndege vya wanawake. Kimoja, cha 588, kilidondosha mabomu usiku kwa ndege za Po-2, za mbao na kitambaa, wazi juu, viti viwili: rubani mbele, msoma ramani nyuma. Wakikaribia shabaha, rubani alipunguza injini, ndege ikateleza kimya gizani. Wajerumani wakawaita wachawi wa usiku. Sisi tungesema wanga. Hadi 1944 waliruka bila parachuti. Hebu jiwekeni pale: upepo wa baridi usoni, mbele yako unaona kisogo tu cha mwenzako, na akikosea yeye mmekwisha wote wawili. Mwandishi akinionyesha kisogo kile vizuri, hana haja ya kuniambia kwamba wanapendana.

Humo walikuwamo Galina Dokutovich na Polina Gelman, mashosti tangu shuleni, mjini Gomel. Wote wasoma ramani. Mwaka 1942 Galina alijilaza nyasini uwanjani, lori la mafuta likamkanyaga, likamwumiza mgongo. Alipopata nafuu akarudi kuruka. Usiku wa kuamkia Agosti 1, 1943, kikosi kilipoteza ndege nne. Galina alikuwa katika mojawapo.

Riwaya nyingi hukomea hapo. Rafiki kafa, msomaji kalia, kitabu kimefungwa. Hapo ndipo ninapoumia, maana aliyebaki ametupwa. Polina hakupewa nafasi ya kufunga kitabu. Aliendelea kupanda kile kiti cha nyuma, mpaka vita vinakwisha ametimiza safari 860. Baadaye akazaa binti, akampa jina la Galina.

Kwa hiyo wewe binti mwenye daftari, usianze na bomu. Anza na mama anayemwita mtoto wake aingie ndani, giza linaingia, na mtoto bado hajaambiwa jina lake lilikuwa la nani.