San Pedro, Arizona: siku moja kwenye mto wa jangwani

Shikamooni wazee wangu, na vijana mnaonitazama kutoka Mwanza, Bujumbura, Lubumbashi, pamoja na nyie mlio hapa hapa Phoenix na Tucson, karibuni. Nyuma yangu ni mto San Pedro, kusini mwa Arizona. Najua kuna atakayeuliza: huu nao ni mto, mtu anavuka maji hayafiki magotini? Basi angalieni ule mstari wa kijani. Mto unatoka Sonora, Mexico, unakwenda kaskazini, na pande zote mbili ni nyasi kavu na miiba. Kwenye mstari huo mwembamba zimeorodheshwa aina zaidi ya 350 za ndege. Bunge la Marekani lilitenga eneo hili mwaka 1988, kama hekta 23,000, likiwa na kilomita zipatazo 64 za mto.

Aliyefika Samburu akauona Ewaso Ng'iro ataelewa upesi. Mto wa jangwani sehemu kubwa ya maji yake iko chini ya mchanga. Pale mwamba ulipo karibu na uso wa ardhi, maji yanasukumwa juu na unayaona yakitiririka. Mbele kidogo mwamba unashuka, maji yanazama, unabaki na mchanga mtupu. Kwa hiyo ukitaka kujua maji yako wapi, soma miti.

Njooni karibu na huu. Gome limepasuka mifereji, kidole kinaingia chote. Huu ni mti wa kotonwudi, na mbegu zake hupeperuka na sufi kama za msufi wa kwetu. Ule mwembamba pembeni ni mwerebi. Miti hii miwili haivumilii kiu: maji ya chini yakishuka kupita mita tatu hivi, huanza kushindwa. Sasa geukeni huku kwenye ukingo wa juu. Watu wa Baringo na Tana River, mnaujua huu? Ni mesquite, ndugu wa damu wa mathenge. Mathenge aliyepelekwa Kenya akageuka balaa asili yake ni huku Amerika. Hapa anakaa mahali pake, ndege wanajenga viota ndani yake na wanyama wanakula maganda yake. Mizizi yake haina mchezo: kwenye mgodi wa wazi karibu na Tucson ulikutwa mzizi mita zaidi ya 50 chini ya ardhi. Basi ukiona kotonwudi wabichi, maji yako karibu. Ukiona mesquite peke yake, usitegemee.

Tuje kwenye safari yenyewe. Pa kuanzia ni San Pedro House, nyumba ya zamani ya ranchi kando ya barabara namba 90, kilomita kama 11 mashariki ya mji wa Sierra Vista. Kutoka Tucson ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Hakuna kiingilio. Mwinuko ni kama mita 1,200, karibu sawa na Mwanza, hivyo alfajiri kuna baridi hata kama mchana utawaka. Fika jua linapochomoza, na mwezi wa Juni hiyo ni saa kumi na moja na robo hivi. Nasisitiza hili kwa sababu ndege wanalia na kula saa tatu za mwanzo. Watu wanafika saa nne, wanatembea kwenye joto, hawaoni kitu, halafu wanasema hifadhi haina wanyama.

Maji: lita tatu kwa kila mtu kwa nusu siku, na kipindi cha joto hesabu lita moja kwa saa. Usinywe ya mto. Beba na kitu cha chumvi, karanga au pakiti za ORS. Hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujalihisi, unadhani hutoki jasho kumbe mwili unaishiwa. Maji yakiwa nusu, geuka urudi, hata kama mbele panavutia.

Viatu viwe vya soli nene. Mwiba wa mesquite unapita kwenye raba nyembamba. Na hiki hapa, msicheke, ni chanuo. Kule kwenye nyasi kabla ya kufika mtoni kuna kaktasi inaitwa cholla. Kipande kikikushika mguuni, kosa la kwanza ni kukivuta kwa mkono, maana kitahamia mkononi. Ingiza meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, kisha rusha kwa nguvu kuelekea mbali na watu. Miiba iliyobaki ing'oe mmoja mmoja kwa kibanio.

Darubini nzuri kwa hapa ni 8x42. Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukichukua ya 12 mkono unatetemeka, ndege anarukaruka machoni. Ukimwona ndege, usimwachie macho. Inua darubini mpaka ikutane na macho yako. Programu ya simu ya kutambua ndege, Merlin, ishushe nyumbani pamoja na ndege wa Arizona, kwa sababu mtandao mtoni ni wa kubahatisha.

Tazameni pale, ncha ya lile tawi kavu. Mwekundu kama pilipili iliyoiva, mabawa na mgongo rangi ya kahawia iliyokolea. Kwenye Merlin utamkuta kwa jina vermilion flycatcher. Huyu anachomoka, anadaka mdudu hewani, na mara nyingi anarudi tawi lile lile. Kwa hiyo usimkimbize na kamera. Lenga tawi, subiri. Mdiria wa kijani ni kazi zaidi: mdogo, anakaa chini kabisa karibu na maji, kwenye kijiti kilichoinama. Bwawa la Kingfisher, kusini ya nyumba, ni pazuri pa kumtafuta. Juu ya kotonwudi anakaa kipanga wa kijivu, ambaye Marekani anapatikana sehemu chache tu za kusini, na hapa yupo kuanzia Machi mpaka Oktoba hivi. Ushauri wangu, badala ya kutembea kilomita kumi, tembea tatu na ukae dakika ishirini kimya kila penye kona ya maji.

Ila usikae chini ya tawi kubwa lililokauka. Kotonwudi hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo.

Wanyama: kuna kulungu, paka mwitu, na javelina, anayefanana na nguruwe pori ingawa ni wa ukoo mwingine. Javelina haoni vizuri, ananusa. Ukikutana na kundi, simama, wape njia, mbwa wako awe kwenye kamba fupi, maana mbwa ndiye anayewaudhi. Ukiona kisiki kimechongwa ncha kama penseli, hiyo ni kazi ya biva, mguguna anayejenga mabwawa kwa meno. Walikuwa wamemalizwa kabisa, wakaanza kurudishwa mwaka 1999. Waliongezeka, kisha wakapungua tena sana.

Nyoka mwenye kayamba mkiani yupo kweli. Ukisikia kayamba, ganda ulipo, mtafute kwa macho, ndipo urudi nyuma polepole. Akikuuma: vua pete na saa, tuliza mguu au mkono, piga 911. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na lile jiwe la nyoka la nyumbani liache. Dawa iko hospitali.

Hatari ninayoiogopa kuliko nyoka ni mafuriko. Kuanzia Julai mpaka Septemba ni msimu wa mvua za ngurumo. Mvua inanyesha Mexico, juu yako anga ni safi, na maji yanakufikia. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, au vijiti vikianza kuelea, panda ukingoni mara moja. Usisubiri kuchukua video.

Na jambo linaloniuma. Mwezi Julai 2005, kwenye kituo cha kupimia maji cha Charleston, mto huu ulikauka, jambo ambalo halikuwahi kurekodiwa pale. Miaka ya ukame ilichangia, lakini visima vya mji na vya kambi ya jeshi vinanyonya maji yale yale ya chini niliyowaeleza. Watanzania, Ruaha Mkuu unakauka kila kiangazi tangu 1993, nao kwa maji kuchukuliwa huko juu. Mto wa jangwani unaweza kuibiwa bila mtu kuugusa.

Jua likiwa kali, saa nne hivi, ondokeni mtoni mwende Murray Springs, dakika chache kwa gari. Njia ni fupi, nusu kilomita tu. Tafuteni kwenye ukingo tabaka jeusi kama vumbi la mkaa. Chini yake wachimbaji walikuta mifupa ya mamothi, binamu wa tembo, pamoja na ncha za mawe za wawindaji wa miaka kama 13,000 iliyopita. Ukiona jiwe lililochongwa liache palepale, kulichukua ni kosa la jinai.

Mkirudi, nendeni kabla ya giza, kulungu wanavuka barabara jua likizama. Na kwenye barabara ya 90 kuelekea kaskazini kuna kizuizi cha Border Patrol, askari wa mpakani. Mtaulizwa uraia. Mwenye green card aibebe yenyewe, maana sheria inamtaka mtu mzima awe nayo mwilini, picha kwenye simu haitoshi.