DR15 ya Moshi na DR15 ya Japani

Nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku.

Nianze na karatasi ya maabara, maana anemia ya aplastiki, ugonjwa wa uloto (ule ute wa ndani ya mifupa) kuacha kutengeneza damu, huonekana kwanza pale. Tuseme kijana ameletwa kutoka Rombo. Amechoka, fizi zinatoka damu, miguuni ana vidoa vyekundu vidogo visivyofutika ukivibonyeza. Picha kamili ya damu inarudi: wingi wa damu 5, chembe nyeupe ziko chini, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 9 wakati zilitakiwa zianzie 150. Malaria hana, wengu haujavimba. Vidonge vya kuongeza damu amemeza mpaka basi. Anachomwa sindano ya uloto nyuma ya nyonga, na kwenye hadubini tunakuta mafuta matupu. Seli za kutengeneza damu zimetoweka. Hiyo ndiyo anemia ya aplastiki.

Paul Ehrlich aliieleza mwaka 1888, kwa mama mjamzito aliyefariki. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu walidhani uloto umelishwa sumu tu. Kweli, benzini na dawa ya kloramfeniko zimehusishwa nayo. Lakini mwaka 1970 Mfaransa Georges Mathé alieleza jambo la ajabu. Aliwapa wagonjwa seramu ya kuua limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga, kisha akawapandikiza uloto usiolingana na wao. Uloto wa kupandikizwa haukushika, ila baadhi yao uloto wao wenyewe ulirudi kufanya kazi. Kumbe seli asili zinazozaa damu zilikuwa bado zipo, na aliyekuwa akizishambulia ni askari wa mwili wenyewe, zile limfosaiti ziitwazo seli T.

Sasa, seli T inajuaje pa kushambulia? Hapa ndipo zinapoingia alama za HLA, protini zinazokaa juu ya seli, ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Kila seli hupanga vipande vya protini zake juu ya HLA, kama mama wa soko la Mbuyuni anavyopanga ndizi mezani, na seli T hupita ikikagua. Aina ya HLA uliyorithi ndiyo inayoamua kipande gani kionekane na kipi kisionekane. Na tunajua inahusika, maana watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba kwa baadhi ya wagonjwa zipo seli za uloto zilizopoteza HLA ya upande mmoja, wa baba au wa mama, na ndizo zilizonusurika zikaendelea kutengeneza damu. Mimi sijaona ushahidi mzuri kuliko huo.

Alama ya HLA inayotajwa zaidi ni DR15. Kwa wagonjwa wa Japani, Marekani na kwingineko imeonekana mara nyingi kuliko kwa watu wasio wagonjwa. Lakini DR15 ni ukoo, ndani yake wamo ndugu kadhaa. Wajapani walipochambua waliwakuta wawili, 15:01 na 15:02. Wote wawili walikuwa wengi kwa wagonjwa, ila aliyeambatana na kupona vizuri kwa dawa za kutuliza kinga ni 15:01 peke yake. Tafiti za nchi nyingine hazikukubaliana zote.

Hapa Afrika mwanaukoo tunayekutana naye sana ni 15:03. Naomba watu wa maabara mnisikilize. Kipimo cha juujuu kitaandika DR15 na kuishia hapo, na daktari aliyesoma makala ya Japani atamwambia mgonjwa wa Moshi kwamba atapona vizuri. Hana msingi wa kusema hivyo. Waafrika tuna HLA za aina nyingi kuliko watu wa bara lolote, na tafiti hizi karibu zote zimefanyika mbali na sisi. Kwa hiyo naomba kipimo kifike kwenye namba ya pili, ile inayofuata nukta mbili kama 01 au 03, na jibu lihifadhiwe pamoja na matokeo ya matibabu ya kila mgonjwa. Bila hivyo tutaendelea kuazima majibu.

Dawa yenyewe, kwa sasa, ina uzito kuliko alama. Mwaka 2011 Wamarekani walilinganisha kingamwili za kuua seli T zilizotolewa kwa farasi na zilizotolewa kwa sungura, kila moja pamoja na siklosporini, dawa ya kutuliza kinga. Baada ya miezi 6, asilimia 68 ya waliopewa za farasi walikuwa wameitikia. Wa sungura asilimia 37. Baadaye eltrombopagi, dawa ya kuamsha uloto, ikaongezwa, na matokeo yakapanda tena. Sijaona HLA iliyowahi kuonyesha pengo la namna hiyo kwa uhakika. Basi mtu asicheleweshwe dawa eti tunangoja kujua ana DR15 ipi.

Na uvumilivu. Siklosporini haimalizi kazi ndani ya wiki mbili. Tunaipima kwa miezi mitatu hadi sita. Familia nyingi hukata tamaa katikati. Wengine chembe zikipanda wanaacha ghafla, na ugonjwa unarudi. Dozi hupunguzwa polepole sana, huku damu ikipimwa.

Mama uliyeinua mkono, umeuliza kama mdogo wake kijana wako mgonjwa anaweza kumpa uloto. Anaweza kupimwa, hata kama ni mtoto. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa kwa HLA na mgonjwa, na kwa kijana mwenye ndugu anayelingana, kupandikizwa ndiyo njia ya kwanza. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma tayari inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo hili si jambo la India peke yake. Mdogo mtu naye achunguzwe vizuri, kwa sababu anemia ya Fanconi, ambayo nayo huharibu uloto, ni ya kurithi na inaweza kujificha kwa ndugu anayeonekana mzima.

Ila damu ya mdogo wake asiongezewe mgonjwa. Wala ya baba, wala yako mama. Najua hospitalini ndugu ndio wanaoambiwa wachangie, na mchangie kweli, lakini chupa zenu ziende benki zikasaidie wengine, yeye apewe za watu baki. Mwili wake ukishazoea kuzipiga vita seli za ndugu, uloto wa ndugu huyo ukija baadaye utakataliwa kwa urahisi zaidi. Mwambieni muuguzi leo kabla chupa ya jioni haijatundikwa.