Kabla Hujasema Kimekufa: Kutunza Kifaa cha Kusikia Kinachovaliwa Ndani ya Sikio

Mhadhara kwa wastaafu na familia zao, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wenzangu mliowaleta wazazi, karibuni sana. Leo nawahitaji ninyi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kazi nitakayoieleza inataka macho makali na vidole vyepesi, na mtu akishafika miaka 80 mara nyingi vyote viwili vimempungukia.

Nianze na boksi la kiberiti. Mwaka jana alikuja kwangu mwalimu mstaafu, amelishika mkononi kama mtu aliyebeba yai. Ndani alikuwa amekifunga kifaa chake kwa karatasi laini. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kimekufa. Naomba unitafutie kingine." Kilikuwa kimelala kabatini miezi saba. Nikakipeleka chini ya taa, nikakigeuza. Kwenye lile tundu la kutolea sauti palikuwa na nta iliyokauka, rangi yake kama sukari guru, imeziba tundu zima. Nikang'oa kichujio, nikaweka kipya, nikaweka na betri mpya, nikamvalisha. Mzee akanyamaza. Kisha akainua uso akatazama dari. "Feni yenu inagonga," akasema. Ilikuwa inagonga kweli. Sisi tulikuwa tumeshaizoea.

Miezi saba mzee yule alikaa barazani kwake akitikisa kichwa tu watu wakizungumza, na kilichomzuia ni nta isiyofika hata punje ya mtama. Sikumlaumu yeye. Niliumizwa na namna alivyokabidhiwa kifaa hicho huko alikokinunua: akapewa kifaa, akapewa risiti, akaambiwa kwaheri. Hakuna aliyekaa naye robo saa akamwonyesha hiki kinafunguka hapa, hiki kinasafishwa hivi. Robo saa hiyo ndiyo ninayotaka tuikae leo, na tukizidisha kidogo mtanisamehe.

Tukitazame kwanza. Hiki nilichoshika ni cha aina ya kuvaa ndani ya sikio, siyo kile cha kuning'inia nyuma chenye mrija. Alama nyekundu ni ya kulia, bluu ni ya kushoto. Upande huu unaobaki nje kuna kimlango cha betri, na karibu yake vitundu vya maikrofoni, vidogo kama vilivyochomwa kwa pini. Upande unaoingia ndani kuna tundu la kutolea sauti, na mdomoni mwake kuna kichujio cheupe cha kuzuia nta. Vingi vina tundu jingine linalopita kuanzia mbele hadi nyuma. Hilo ni la hewa, ili sikio lisizibe kabisa. Vile vidogo zaidi, vinavyozama ndani ya sikio, vina kiuzi cha kuvutia. Kiuzi ni cha kutolea tu, msikitumie kukining'iniza msumarini.

Ganda lake limetengenezwa kwa kuchukua umbo la sikio la mwenyewe. Nalisema hili taratibu kwa sababu kila mwezi naletewa kifaa cha marehemu. Baba amefariki, familia inasema kisipotee, apewe baba mdogo. Nia ni njema na nimewahi kulia na familia moja juu ya jambo hili. Lakini ganda lile ni la sikio la marehemu, na sauti iliyopangwa ndani yake ni ya usikivu wa marehemu. Sikio la mwingine litaumia, sauti itavuja, na mbaya zaidi, mtu ambaye usikivu wake umepungua kidogo tu anaweza kupigwa na sauti kubwa ikamharibia kile kidogo alichobakiwa nacho. Mleteni baba mdogo apimwe. Kifaa cha marehemu mje nacho pia, pengine kitatengenezewa ganda jipya na kupangwa upya, lakini kiamuliwe na mtu aliyempima.

Sasa betri. Nyingi ya hizi ni betri za zinki na hewa. Zina kibandiko chenye rangi: namba 10 ni njano, 312 kahawia, 13 rangi ya chungwa. Ukikibandua utaona chini yake vitundu vidogo sana. Hapo ndipo betri inapovuta hewa, na bila hewa haifanyi kazi. Kwa hiyo bandua, iache mezani dakika moja au mbili ivute hewa, ndipo uitie. Wengi hubandua na kufunga kimlango papo hapo, kisha wanashangaa betri mpya haidumu. Na ikishabanduliwa imeshaanza kuliwa hata kama hukivai kifaa. Kurudishia kibandiko hakuizuii. Namba 10 hukaa siku chache tu, 312 yapata wiki, 13 huenda hadi wiki mbili, kutegemea unavyokitumia. Msizihifadhi kwenye friji, maana zikitoka hutoa jasho, na msizitie mfuko mmoja na sarafu au funguo.

Nawasihi jambo moja hapa, na akina mama wenye wajukuu wanisikie vizuri. Betri hii si ya kuachwa kitandani. Mtoto akiimeza, au akiitia puani au sikioni, inaunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa chache. Msimtapishe, msingoje itoke yenyewe, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Na wazee wenyewe: betri na vidonge vya presha havikai sahani moja. Gizani vinafanana mno, na wapo waliomeza betri wakidhani ni dawa.

Nimesikia mluzi. Nani mwenye mluzi? Basi, mzee wangu pale dirishani, usikizime, nitakuja kwako.

Mluzi ni sauti iliyotoka kwenye kifaa, ikavuja nje ya sikio, ikaingia tena kwenye maikrofoni, ikazunguka. Ukikifumbata kiganjani kikiwa kimewashwa ni lazima kipige mluzi, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kujua kama betri ina nguvu. Kikipiga kikiwa sikioni, anza na namna kilivyokaa. Cha kulia shika kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto upite nyuma ya kichwa uvute sikio juu kidogo na nyuma, kisha ukiingize kwa kukizungusha polepole mpaka kitulie. Kikiwa kimekaa vizuri na bado kinalia, sikio lenyewe huenda limejaa nta, na sauti inagonga ukuta na kurudi. Na pengine mwili umebadilika. Mtu akikonda sana, au akiwekewa meno ya bandia, hata njia ya sikio hubadilika umbo, na ganda lililokuwa linabana linaanza kupwaya. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Msipake gundi, msizungushie uzi wala pamba.

Kuhusu usafi, nitakaa hapa kidogo, maana vifaa vingi ninavyoletewa vikiwa "vimekufa" vimekufa hapa.

Usikisafishe usiku ukishakivua. Nta ya usiku ni laini, ukiipangusa unaisukuma ndani. Kiache hadi asubuhi ikauke. Asubuhi shika kifaa tundu la sauti likiangalia chini, kisha piga brashi laini kutoka chini, ili nta ianguke mezani isirudi ndani. Ukikigeuza tundu likaangalia juu, unaifagilia takataka ndani ya nyumba. Kisha pangusa ganda kwa kitambaa kikavu cha pamba. Ncha ya kanga iliyofuliwa mara nyingi inafaa kabisa, laini na haitoi nyuzi. Maji hapana. Spiriti hapana. Sindano hapana, na hii nairudia: sindano hapana. Nyuma ya kile kichujio kuna spika ndogo yenye utando mwembamba, na sindano ikiugusa ndiyo kweli kifaa kimekufa.

Kichujio kinabadilishwa kwa kijiti kinachokuja nacho. Upande mmoja mtupu, unaouingiza kwenye kichujio cha zamani ukavuta. Upande wa pili una kipya. Unakikandamiza wima mpaka kikae, unavuta kijiti, kinabaki. Mara ya kwanza mkono utatetemeka. Ya tatu utafanya huku unazungumza. Wenye nta nyingi wabadilishe mara kwa mara. Kipimo changu ni hiki, sauti ikianza kufifia na betri ni mpya, tazama kichujio kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Na sikio lenyewe msilichokonoe kwa vijiti vya pamba wala unyoya wa kuku. Vinatoa nta kidogo na kushindilia nyingi. Kama sikio linatoa usaha, vua kifaa, nenda ukatibiwe, usikirudishe mpaka limekauka. Na yale mafuta ya moto tunayotiana masikioni tuyaache. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, mafuta yanapita hadi ndani.

Adui wa pili kwetu huku pwani ni unyevu. Mnajua chumvi ya mezani inavyoganda msimu wa masika. Basi hewa hiyohiyo inaingia kwenye kifaa chako, pamoja na jasho la mchana kutwa. Kifaa cha kwanza cha baba yangu kiliharibika hivyo. Tulikuwa tunakiweka dirishani usiku "kipate hewa", na hewa hiyo ya bahari ikala vyuma vya ndani mpaka vikaota ukijani. Wakati ule nilikuwa bado sijasomea kazi hii. Siku hizi nawaambia watu: ukivua usiku fungua kimlango, toa betri, ipanguse kama ina jasho, kisha kifaa kiingie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, chini yake chembechembe za kunyonya unyevu. Nunua zile zinazobadilika rangi zikishashiba maji, ujue lini zimechoka. Vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu mara nyingi vimeshashiba tangu dukani. Betri usiitie humo, inakauka. Mchele nao una vumbi linaloziba maikrofoni, uacheni ukapikwe pilau.

Mnaoswali, kutawadha ni mara tano kwa siku na masikio yanapanguswa. Zoea mpango huu: kabla ya kugusa maji, vifaa vinaingia kwenye kikopo chake, na kikopo mfukoni, siyo ukingoni mwa birika. Ukimaliza, kausha sikio, kausha na mikono, ndipo uvae. Kuoga vilevile, kuogelea vilevile, na salonini vilevile. Marashi na mafuta ya nywele vitangulie, kifaa kifuate. Wenye mtandio, kitambaa kizito kikibana sikio kinaweza kuleta mluzi au mkwaruzo. Jaribuni chepesi kwanza.

Kikilowa kwa bahati mbaya, toa betri, kikaushe kwa kitambaa, kitie kwenye kopo la kukaushia. Msikianike juani, msitumie mashine ya kukaushia nywele, na tafadhali msikipeleke kwa fundi simu. Fundi simu ni hodari kwa simu.

Kuna wanaokivua si kwa kuharibika bali kwa kuchoshwa nacho. Hao nawaelewa sana. Usikivu wa uzeeni huondoka na sauti nyembamba kwanza: s, sh, f, ch. Irabu zinabaki, konsonanti zinapotea. Mama anaambiwa "fika", anasikia "i-a", anabaki kukisia: pika? shika? Ndiyo maana husema, "Nakusikia, ila sikuelewi." Ukimpigia kelele unaongeza irabu zilezile anazozisikia tayari. Kaa mbele yake, penye mwanga, sema taratibu.

Sasa mtu huyu ubongo wake umekaa miaka bila sauti hizo. Siku ya kwanza na kifaa, karatasi inakwaruza, vijiko vinapiga kelele, sauti yake mwenyewe inavuma kama anaongea ndani ya mtungi. Asipelekwe sokoni siku hiyo. Aanze nyumbani saa mbili tatu, azungumze na mtu mmoja, siku zinazofuata aongeze muda, ndipo barazani, ndipo harusini. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Sauti yake ikiendelea kuvuma, au vijiko vikiendelea kumkera, arudi apangiwe upya. Kurudi mara mbili tatu ni sehemu ya kazi, si usumbufu. Simu asiikandamize kwenye tundu la sikio. Aisogeze mpaka apate mahali maikrofoni inapoisikia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu. Wengi wao ni wa nchi kama yetu, na wengi hawatakishika kifaa kama hiki maishani. Nikikumbuka hilo, kifaa kilicholala kabatini kwa sababu ya nta kinaniuma rohoni.

Meza ile nimeweka brashi, vichujio vya aina kadhaa na taa. Mwenye kifaa asogee nacho, na mwenye kijana wake asogee naye, nitamwonyesha yeye kubadilisha kichujio kwa mkono wake mwenyewe huku mzee anatazama. Tuanze na wewe, mzee wangu wa dirishani. Kivue polepole. Mjukuu, shika taa hapa, uniambie unaona nini kwenye tundu.